Mkunjo Uliolala

Ndalambo, shuleni
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mjomba Ambakisye,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na mama kule Ikinga ni mzima, aliniletea salamu na mahindi ya kuchoma yaliyofika yamekauka kama kokoto. Simu haturuhusiwi hapa bwenini, ndiyo maana unaona karatasi. Barua ameileta Nikodemo, dereva wa Noah ya abiria, mpe hata soda.

Mjomba, nina shida, na dawa yake iko kwenye kompyuta ya ofisini kwenu.

Jaribio la kwanza la Hisabati nimeanguka. Sikuanguka kidogo, nimeanguka na vumbi likatimka. Mwalimu Hezron ametuita sote tulioanguka, akasema mchepuo wetu wa PCM, wa Fizikia, Kemia na Hisabati, si wa kila mtu, na kwamba HGL bado kuna nafasi, tukasome Historia na Jiografia kwa amani. Nikamwambia mimi sihami. Darasa zima likaguna. Yeye akaniangalia, akasema: "Basi nionyeshe."

Sharti lake ni hili. Kila asiyetaka kuhama atengeneze kitu kinachofanya kazi, na kitu hicho kitokane na mkunjo wa kihesabu uliochorwa na kompyuta kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Siku ya kuonyesha ni Alhamisi, 17 Oktoba. Kisipofanya kazi, nahama.

Kompyuta za shule zipo, ila betri za sola ya maabara zimekufa. Programu tunajifunza ubaoni kwa chaki. Ninajua kuiandika, lakini sijawahi kuiona ikifanya kazi hata mara moja. Nikikutumia programu kwenye karatasi, utaniandikia kwenye kompyuta na kunichapia mchoro?

Usimwambie mama kwamba nimeanguka.

Mpwa wako,
Tupokigwe


Tunduma
31 Agosti 2024

Mpwa wangu Tupokigwe,

Marahaba. Soda nimempa, akaomba na sambusa.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, ya pili sikucheka. Wewe mtoto una kichwa kigumu, na najua umekitoa wapi, maana mama yako ni dada yangu. Lakini hebu tuongee kikubwa. HGL kuna ubaya gani? Mimi nilisoma hizo hizo Historia, leo ni wakala wa forodha, natoa malori mpakani, nakula nashiba. Hisabati ya nini, mama? Hapa namba zote inazipiga mashine.

Haya, nimeshasema yangu kama mjomba. Sasa nasema kama ndugu: lete hiyo programu. Bosi amekubali nitumie kompyuta saa ya chakula, watu wote wakienda kula. Nitakosa wali wangu kwa ajili yako, ukumbuke hilo ukiwa injinia.

Niambie kwanza unatengeneza nini, nisije nikachapa kitu cha kunifunga.

Mjomba wako,
Ambakisye


Ndalambo, shuleni
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natengeneza jiko la jua.

Nachimba bakuli ardhini nyuma ya jiko la shule, nalisiriba kwa udongo wa kichuguu, halafu nalibandika kitu cha kung'aa ndani. Bakuli likiwa na umbo la parabola, miale yote ya jua inayoingia inarushwa na kukutana mahali pamoja, juu yake katikati. Hapo ndipo naning'iniza sufuria. Maji yachemke bila kuni hata moja. Katikati ya Oktoba, saa sita na nusu, jua la huku linasimama juu ya utosi, kwa hiyo bakuli linatazama juu tu, halihitaji kugeuzwa.

Mkunjo wangu ni y = x²/160. Upana sentimita themanini, kina sentimita kumi ukingoni. Ukiuchukua huo mkunjo, miale inakutana sentimita arobaini juu ya kitako cha bakuli. Nimeipiga hesabu hiyo mpaka Nesta, jirani yangu wa kitanda, ameikariri bila kutaka.

Programu iko nyuma ya karatasi hii. Iandike kama ilivyo, mjomba, alama kwa alama, hata nafasi zilizo mwanzo wa mistari. Inatoa picha nne, uzichape kwenye karatasi nne zilizolazwa, nitaziunganisha kwa gundi. Nataka ukubwa halisi, sentimita iwe sentimita, kwa sababu nitaubandika mchoro kwenye ubao, nikate ubao kwa kuufuata, kisha niuzungushe ubao kwenye mti wa katikati ili ukwangue udongo. Bakuli litafuata ubao, na ubao utafuata karatasi yako.

Na kuhusu HGL, mjomba, mimi sihami. Tusirudie tena hayo.

Tupokigwe


Tunduma
14 Septemba 2024

Injinia Tupokigwe,

Umeuona muhuri wa ofisi juu ya bahasha? Nimekupigia wa bure, ili Nikodemo aiheshimu.

Kazi imekwisha! Nimeandika programu yako kwa vidole viwili. Siku ya kwanza kompyuta iliniandikia mistari myekundu ya kunitukana. Siku ya pili nikagundua nilikuwa nimeziruka zile nafasi za mwanzo wa mstari, zile ulizoniambia, nisamehe. Siku ya tatu, mpwa wangu, nikabonyeza, na mkunjo ukatokea wenyewe. Aisee! Nilipiga kelele. Dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa anasubiri vibali vyake akaingia mbio akidhani tumeibiwa. Nikamwonyesha, akasema "bwino sana," yaani vizuri sana kwa lugha yao, akakaa kuutazama na mimi.

Mara ya kwanza ulitoka umelala chini ya karatasi kama mgonjwa, nikaona hapana, nikaurekebisha. Sasa umesimama, umejaa karatasi zote nne, unapendeza. Mwalimu wako akiuona atajua una watu.

Nilikuwa sijui kwamba unaweza kuandika maneno machache na kitu kikajichora namna ile. Hata wali sikuukumbuka.

Ambakisye


Ndalambo, shuleni
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na asante, asante, asante. Karatasi zimefika bila kukunjika. Bweni zima lilikuja kuziona. Nashukuru uligundua ulipokosea kuandika ukarekebisha, wengine wangeniletea hivyo hivyo.

Namba za pembeni nimezikagua zote: sifuri katikati, arobaini kulia na kushoto, kumi juu ukingoni. Sawasawa na hesabu yangu. Ubao nimeukata, shimo tumechimba mimi na Nesta, mikono imetoka malengelenge. Udongo unakauka.

Sasa nahitaji kitu cha kung'aa. Zile karatasi za fedha wanazofungia chipsi na kuku pale maegesho ya malori, madereva wanazitupa ovyo. Unaweza kuniokotea? Ziwe safi, mjomba, nimekuomba. Zenye mafuta zitaniletea siafu kwenye bakuli.

Tupokigwe


Tunduma
28 Septemba 2024

Mpwa,

Mimi, Ambakisye, wakala mwenye tai, nimezunguka maegesho naokota karatasi za chipsi. Watu wameniuliza kama kazi imeisha. Nikawajibu mpwa wangu anapika kwa jua. Sasa madereva wenyewe wananiletea, wanazikunjua, wanazifuta kwa shati. Yule wa Zambia ameleta rundo zima kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anasalimia kwa lugha yake na kuuliza kila akivuka, "Mulishani, maji yamechemka?"

Nimezisugua kwa sabuni. Rundo hilo.

Nimemwambia bosi, na wale wa dirisha la pili, na mama muuza chai. Nimewaambia wote tarehe kumi na saba. Sasa ukishindwa mimi nitahamia wapi?

Natania. Hutashindwa.

Ambakisye


Ndalambo, shuleni
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Jumapili nilijaribu. Mwalimu Hezron alikuja kutazama, ingawa sikumwalika. Jua lilikuwa kali, bakuli linang'aa mpaka huwezi kuliangalia. Nikaning'iniza sufuria sentimita arobaini juu, kama hesabu inavyosema. Tukasubiri. Tukasubiri mpaka kengele ya chakula. Maji yalikuwa ya vuguvugu, ya kuogea mtoto. Kioja pekee ni Nesta: aliingiza mkono chini ya sufuria kuokota jani lililoanguka, akaruka akipiga kelele kwamba ameungua. Wenzetu wakacheka, wakasema anataka kunifariji.

Mwalimu hakunisema vibaya. Alisema tu, "Fomu ya kuhama ipo ofisini kwangu, hakuna haraka." Afadhali angenitukana.

Nimerudia hesabu tangu Jumapili. Nimeithibitisha kwa njia tatu tofauti, na kila njia inasema arobaini. Nimelia, sikufichi. Nikaanza kuamini kwamba kweli kichwa changu si cha kazi hii.

Leo asubuhi Nesta ameshika karatasi zako akasema, "Mbona namba hizi ni nyembamba na ndefu, kama za mtu mwenye njaa?" Nikachukua rula. Namba ya ukingoni imeandikwa kumi. Rula inasema ishirini. Kulala ni sawa, kusimama ni mara mbili! Mimi nilisoma namba nikaziamini, sikuweka rula. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini mjomba, uliandika kwamba ulitoka umelala ukaurekebisha. Nilidhani umerekebisha kosa la kuandika. Nakuuliza, na nataka jibu la kweli: uliugusa mkunjo wangu?

Udongo umekauka kama saruji. Siwezi kuchimba bakuli jingine likakauka kabla ya tarehe kumi na saba. Nimekasirika sana. Nimekasirika na bado ni mpwa wako.

Tupokigwe


Tunduma
12 Oktoba 2024

Tupokigwe, mpwa wangu,

Niliugusa.

Nitakueleza na wewe unihukumu. Programu yako niliiandika sawasawa, naapa, na ilichora sawasawa. Picha ilitoka chini ya karatasi, nusu nzima ya juu nyeupe tupu. Sasa sisi watu wa mpakani, karatasi yenye nafasi tupu ni maradhi. Ukipeleka hati ina sehemu nyeupe wanairudisha, wanasema kuna kitu umesahau, au kuna kitu utakuja kukiongeza ukitoka. Kila nafasi tunaijaza au tunaipiga mstari. Miaka yote nimefanya hivyo. Nikaitazama karatasi yako, nikaona aibu kwa niaba yako. Nikasema mtoto wa dada yangu hawezi kupeleka kwa mwalimu kitu kilicholala namna hii. Nikazihamishia zile picha kwenye programu ya kuandikia barua, nikazishika ukingo wa juu kwa mausi, nikavuta. Zote nne nikazivuta sawa, mpaka mara mbili kamili, nilipima kwa rula ya ofisi ili zisipishane. Unaona? Rula niliiweka, lakini niliiweka kuharibu.

Sikujua kwamba kupendezesha ni kuharibu. Uliniambia alama kwa alama, nikakusikia nusu.

Barua yako niliisomea dukani kwa mama wa chai, nikaondoka bila kumaliza kikombe. Yule dereva aliniuliza kama maji yamechemka. Nikageukia karatasi zangu.

Sikiliza sasa. Usitie sahihi fomu yoyote. Ukihama kwa kosa lako nitakusindikiza hadi HGL kwa ngoma, lakini kwa kosa langu, haiwezekani kabisa. Wino wa printa umekwisha, unaletwa Jumatatu. Jumatano nitapanda Noah ya Nikodemo mwenyewe na karatasi mpya, na jembe nitabeba. Barua hii naituma kwanza, kwa mtu wa pikipiki, ili ujue nakuja. Tutachimba wote hata kama udongo utakuwa mbichi.

Na niliwahi kukuambia hisabati ya nini. Nimeyafuta hayo maneno.

Mjomba wako, mwenye aibu,
Ambakisye


Ndalambo, shuleni
Alhamisi, 17 Oktoba 2024, jioni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena!

Hukufika. Jana tulisimama getini mpaka kengele, baadaye tukasikia Noah imevunjika springi njiani na abiria wamerudi Tunduma kwa lori la mkaa. Pole sana. Natumaini hukukalia mkaa na tai yako.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma kwa hasira, nikaiweka. Jana, baada ya kukukosa, nikaisoma tena kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusoma isipokuwa fomu ya kuhama. Ndipo nikaliona lile neno lako: mara mbili kamili, zote nne sawa.

Mjomba, nilisimama wima kitandani, Nesta akadhani kuna nyoka. Ukiuvuta mkunjo huu kwenda juu, sawasawa kila mahali, hauharibiki! Unabaki parabola. Unakuwa tu wa namba nyingine. Wangu ulikuwa x² kugawa kwa 160. Ukivutwa mara mbili, unakuwa x² kugawa kwa 80. Na huo una mahali pake pa kukutania miale: sentimita ishirini. Bakuli lilikuwa zima tangu mwanzo. Sufuria ndiyo iliyoning'inia juu mno! Na Nesta maskini aliungua kweli, mkono wake ulipita palepale ishirini, nasi tukamcheka. Nimemwomba radhi, amekataa mpaka nimfulie shuka.

Leo saa sita walikuja wote. Mwalimu Hezron alishika karatasi yangu ya mpango yenye arobaini. Mimi nikaning'iniza sufuria ishirini. Akasema, "Umeandika arobaini." Nikamwambia, "Ndiyo, mwalimu, lakini bakuli hili si lile nililoliandika, na naweza kueleza." Akasema nieleze huku tukisubiri.

Nilimweleza yote, na wewe umo, na nafasi tupu za mpakani zimo, watu walicheka, nivumilie. Nikaandika chini kwa kijiti, mbele ya darasa lilelile lililoguna. Nilikuwa bado naandika Nesta akapiga kelele. Mvuke! Mfuniko ulikuwa unacheza. Maji yamechemka, mjomba, yamechemka kabisa, tukatia majani ya chai, na Mwalimu Hezron akanywa kikombe kizima huku akikiangalia.

Halafu akauliza, "Na mjomba wako angeuvuta mara tatu, sufuria ingekaa wapi?"

Nikasema, "Arobaini kugawa kwa tatu. Kumi na tatu na kidogo."

Akanirudishia kikombe, akasema, "Kipindi cha Hisabati saa nane. Usichelewe." Fomu aliichana mwenyewe, akatia vipande chini ya sufuria, vikashika moto papo hapo.

Sihami, mjomba. Mwambie mama muuza chai. Mwambie yule dereva. Sasa mama yangu kule Ikinga naweza kumwandikia kwamba nilianguka.

Hasira imeisha. Programu nyingine iko nyuma ya karatasi hii. Nataka jiko linalogeuka kufuata jua, la kudumu mwaka mzima, shule ipunguze kuni. Kula wali wako kwanza, ndipo uiandike.

Tupokigwe, PCM


Tunduma
21 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaa nilikalia, na tai haijatakata mpaka leo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale dirisha la pili, watu wakaacha foleni yao. Yule wa Zambia hakuuliza kitu, alinipa mkono tu, akatoka nje akapiga honi mpaka askari akaja. Mimi nililia mbele ya wateja. Waache waseme.

Ile karatasi ya kwanza kabisa, iliyotoka kabla sijavuta, nilikuwa nimeitupa kwenye droo. Nimeitoa. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, na nusu yake ya juu nyeupe. Bosi alipita, akashika kalamu kwa mazoea, akataka kupiga mstari pale patupu. Nikamshika mkono. Nikamwambia, acha, hiyo ni ya Tupokigwe, ndivyo ilivyo.

Programu yako mpya nimeiandika leo saa ya chakula. Michoro imo humu ndani. Mmoja umetoka kona ya karatasi, mdogo, umekaa vibaya kweli, roho iliniuma kuutazama.

Sikuugusa. Rula nayo nimekuwekea, weka uone.

Mjomba wako,
Ambakisye